Mzinga wa Watu Tisini

Ujerumani,
Alhamisi asubuhi

Kwako Baba Mutua,

Bwana asifiwe. Nakuandikia nikiwa kwa meza ya jikoni ya mtoto wako, mgongo nimeegemeza kwa kile chuma cha moto walichofunga ukutani, na nje kila kitu ni cheupe kama mtu amemwaga unga. Wewe hujambo? Mgongo wako unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliiacha juu ya kabati, nyuma ya taa, usiseme hukuiona. Mvua imefika? Kama mbaazi zimetoa maua, mwambie binti yetu Mwende asiwaachie mbuzi wa jirani ile njia ya chini, maana wanaijua kuliko sisi.

Mimi ni mzima isipokuwa miguu. Baridi ya huku imeifanya kuwa miguu ya mtu mwingine. Mutua ameninunulia viatu vyenye manyoya ndani, nikitembea naonekana kama kondoo aliyesimama wima, lakini sianguki. Chakula chao hakina chumvi na hakina haraka. Nilileta ndengu kilo mbili kwa sanduku, tumemaliza, na majirani wa Mutua walikuja wawili kuuliza harufu hiyo tamu ni ya nini. Niliwapakulia. Sasa wananisalimia kwa ngazi.

Nije kwa ile kazi uliyonituma, najua umeruka mistari ukiitafuta.

Siku ile pale Emali, kabla sijapanda gari la Nairobi, ulinishika mkono ukaniambia, "Mama Mutua, enda usikize hiyo kitu kwa masikio yako. Uniandikie vile iko. Usiniandikie kama mama yake." Nikakuahidi. Kwa hivyo nitaandika kama shahidi aliyeitwa mbele ya wazee wa ukoo. Mahali utaona nimejivuna, ruka, uende mstari unaofuata.

Maneno yako nimeyashika yote. Ulisema kwamba Mutua alipokuja likizo, siku ya soko, wewe ukiwa Kathonzweni ukiuza ndengu, alienda kwa mizinga yako na tepu, akaingiza kile kidude cha kushika sauti kwenye tundu la mlango bila kukuuliza. Ulirudi ukaona alama za viatu vya mjini chini ya mti. Na kwetu mtu anayeenda kwa mzinga wa mwingine bila mwenyewe, hata awe ni mtoto wake, jina lake ni moja. Halafu akakuandikia kutoka huku kwamba ametunga muziki mkubwa wa mizinga, na anaomba alama yetu ya ukoo, ile unayoichoma kwa kila mzinga, ichapwe kwa karatasi ya kwanza. Ukamjibu mstari mmoja tu: alama haichomwi kwa kitu cha wizi.

Hiyo barua yako bado iko. Ameiweka ndani ya Biblia uliyompa akienda sekondari. Wachapaji wanangoja karatasi mpaka mwisho wa mwezi ujao, na amewaambia wasiguse chochote mpaka neno lako lije, liwe ni hili au lile.

Sasa ushahidi.

Okestra si kama bendi ya shule wala kwaya yetu. Ni watu tisini. Niliwahesabu mwenyewe, mara ya kwanza nikapata themanini na tisa, kumbe mmoja alikuwa nje akivuta sigara. Wenye fidla ndio wengi. Kuna fidla za kuweka begani, na nyingine kubwa kama mlango ambazo mtu husimama nazo kama anazizuia zisitoroke. Kuna tarumbeta, ngoma, na sahani za shaba ambazo ungeweza kupikia harusi. Kila mmoja ana karatasi mbele yake, na zote tisini zimetoka kwa mkono wa Mutua. Mwenye kuwaongoza ni mzee mwenye mvi mpaka kwa nyusi. Kila baada ya muda anawasimamisha, anageuka, anamwuliza mtoto wetu, "Hapa unataka nini?" Mimi maisha yangu yote nimeona sisi ndio tunawauliza wazungu hapa wanataka nini. Sikuwa nimewahi kuona ikigeuzwa. Nilikaa nikaitazama vizuri, nikakunja kitambaa changu, nikakikunjua.

Lakini uliniambia niandike vile iko. Siku ya kwanza ya mazoezi nilisikia kelele. Hakuna wimbo, Baba Mutua. Hakuna mahali pa kupiga makofi wala pa kuitikia. Yule mzee hapigi mwendo kama mwalimu wa kwaya. Anazungusha mkono polepole kama mshale wa saa, na kila mtu anaingia saa yake ikifika. Wenye fidla kila mmoja ana sauti yake, imekaribiana na ya jirani mpaka zinakwaruzana. Wengine wanageuza ule upinde wanagonga nyuzi kwa mti wake. Wenye tarumbeta wanapuliza pumzi tu, hakuna sauti, kama mtu anapoza uji. Wanafanya kidogo, wanasimama, wanafanya tena palepale.

Wakati wa chai mzee mmoja wa fidla, kichwa kinang'aa kama sufuria mpya, alikuja tulipokaa akasema kitu, wenzake wakacheka.

"Amesema nini?" nikamwuliza Mutua.

"Mama, achana nayo."

"Sema. Nimetoka mbali."

"Anauliza kama nikiwa mdogo nilikuwa nagonga sufuria zako."

"Mwambie uligonga, ukatoboa mbili. Na umwambie yeye naye mama yake alimnunulia fidla, na leo analipwa kukwaruza vile mtoto wangu ameandika."

Mutua alitafsiri nusu. Nilijua ni nusu kwa sababu ilikuwa fupi. Yule mzee alicheka hata hivyo, akaniletea keki.

Jioni hiyo nilianza kukuandikia. Niliandika: Baba Mutua, ni kelele, na hakuna nyuki ndani. Kisha nikaweka kalamu chini. Kama hakuna nyuki, basi hakuiba. Lakini kama hakuna nyuki, anaomba alama ya nini? Nikaona barua yangu inamtoa kwa shimo moja na kumtia kwa lingine. Nikaipasua.

Kesho yake nilimwambia anichezee ile tepu aliyoshika kwa mizinga yako. Hakutaka. Nikamwambia nimetumwa na baba yake. Akaitoa kwa droo, akaiweka.

Ni upepo. Upepo, na kengele za mbuzi wa jirani, na jogoo, na Mutua mwenyewe akihema kwa hofu ya kuumwa. Nyuki wako mbali kama mbu mmoja ndani ya chupa.

"Hii ndiyo ulitunga nayo?"

"Hii haikunisaidia, mama. Nilifika huku nikasikiliza siku tatu. Nilitaka nyuki nikaleta mbuzi."

"Sasa ulitunga na nini?"

Akanyoosha mkono, akagonga meza mara moja na kifundo cha kidole, akainamisha sikio mpaka karibu na mbao. Baba Mutua, ungemwona ungejiona. Hata lile jicho moja alilifunga vile wewe hufunga.

"Baba alinionyesha," akasema. "Nilikuwa bado sijaenda shule. Alinibeba mpaka kwa mzinga, akagonga, akaniambia, tega sikio. Wakivuma mara moja halafu wanyamaze, malkia yumo, nenda zako. Wakivuma na waendelee kulia bila kuacha, malkia hayumo. Mzinga umefiwa."

Mimi miaka hii yote nimekuona ukigonga mizinga, nikafikiri unawasalimia.

Nilimwuliza kama anajuta kuenda bila wewe. Akasema anajuta. Akasema alikuwa na siku chache, na aliogopa usije ukasema hapana. Nakuandikia vile alivyosema, sikupaka mafuta. Kosa alilifanya, na nilimwambia hivyo, na keki aliyoniwekea sikula siku hiyo.

Sasa siku yenyewe. Ukumbi ulijaa. Nilivaa lile gauni la kijani la akina mama wa kanisa, na kitambaa cheupe kichwani, na nakuambia watu waligeuka. Waliniweka safu ya tatu, kando ya mama mmoja mnene mwenye shanga safu nne shingoni, bwana yake ndiye mkubwa wa mji. Tuliamkiana kwa vichwa. Mutua alisimama kando karibu na mlango na suti nyeusi, mikono nyuma, kama mtu anayengoja majina ya mtihani yasomwe.

Wakanyamaza. Halafu mtu mmoja wa ngoma akagonga mara moja, si kwa ngozi, kwa mti wa pembeni. Ko. Fidla zote zikavuma, mm, zikanyamaza. Tukangoja. Akagonga tena. Wakavuma, wakanyamaza. Mazoezini sikuwa nimesikia hivi kwa sababu walikuwa wanakatizwa kila mara. Sasa hakuna wa kukatiza. Akagonga mara ya tatu, wakavuma, na hawakunyamaza.

Waliendelea, Baba Mutua. Si kwa nguvu. Kwa chini tu, kila mmoja na yake, bila kupumua, kama nyumba ambayo mtu ametoka na hajarudi. Mama wa shanga alianza kujigeuza kwa kiti. Nyuma yetu mtu mmoja aliinuka akatoka na mke wake, viatu vikilia. Mwingine alisema kitu kwa sauti kubwa, na sauti ya kitu kibaya unaijua hata kama hujui lugha. Mutua hakusogea pale mlangoni. Mimi nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono miwili. Nilikuwa najua huo ni mzinga gani. Ni ule wa karibu na korongo, mwaka ule wa njaa, ulipokuja nyumbani ukasema hakuna haja ya kurudi kule.

Katikati kuna mahali pa tarumbeta na zile sahani za shaba. Hapo sikuelewa kitu na sitakudanganya. Labda ni mvua. Labda ni yeye tu alitaka watu wa tarumbeta nao wale mshahara wao.

Halafu ikaja ile sehemu nyingine. Mutua hakuwa ameniambia kwamba fidla ishirini alikuwa ameziweka ghorofani, nyuma ya vichwa vyetu. Hao si wale tisini niliowahesabu, walifanya mazoezi yao peke yao, sikuwaona. Sauti ilianzia mbele, chini, ikawa inapanda, ikawa nyembamba na kali, kisha ikaondoka jukwaani. Naandika vile ilikuwa. Iliondoka jukwaani ikaanza kuja kwetu kwa juu.

Sikufikiri. Unakumbuka ile Jumapili nyuki walipopita ndani ya kanisa, mchungaji mwenyewe akalala nyuma ya mimbari na Biblia juu ya kichwa, na mahubiri yakaendelea kutoka chini? Hakuna aliyefikiri siku ile pia. Nilivuta kitambaa kikafunika uso, nikalala kifudifudi katikati ya viti. Na kwa kuwa mimi si mtu wa kuacha jirani aumwe, nilimshika yule mama wa shanga kiuno nikamvuta chini pamoja nami. Nilimwambia kwa Kikamba, "Lala! Usipungie mkono! Funika macho!" Alilala. Shanga zake zilikuwa zimeingia mdomoni mwangu. Vijana wawili wa safu ya nyuma walipoona mke wa mkubwa amelala wakaona labda ndiyo desturi ya muziki huu, nao wakalala.

Nikiwa pale chini, shavu kwa zulia, niliwafuata kwa masikio. Walipita juu yetu wote. Wakaenda nyuma, wakapungua, wakawa wadogo huko juu karibu na dari, vile wanafanya wakishapata mti. Wakatulia. Nikangoja. Mtu wa ngoma akagonga mara moja. Ko. Wakavuma, mm. Wakanyamaza.

Malkia yumo.

Basi ikaisha hapo. Wengine walipiga makofi, wengine walipiga mbinja, na huku mbinja si sifa. Gazeti la mji limeandika, Mutua alinisomea, ati ilikuwa fujo ya dakika ishirini na tano na kwamba mgeni mmoja mwanamke alizimia. Sikuzimia. Aliyeandika hivyo akija Kathonzweni nitamwonyesha kuzimia.

Mutua alinipata kwa ngazi nikitoa vumbi magotini.

"Mama, umeumia?"

"Siko na kitu."

"Sasa mbona ulilala?"

"Kwani wewe nyuki wakipita unasimama?"

Alikaa chini, hapo hapo kwa ngazi, na ile suti. Watu wakawa wanampita kwa kando. Akasema, "Sema tena." Nikamwambia, nyuki walikuwa wanapita, nikalala. Akasema, "Tena." Nikasema tena. Hakulia, ukiuliza. Alikuwa anaangalia viatu vyake tu.

Yule mama wa shanga akatufikia, nywele upande mmoja, nikajua sasa tutafukuzwa. Akanishika mkono akauliza kitu. Mutua akatafsiri, "Anauliza kama sasa ni salama."

"Mwambie wameshapata mti."

Alipoambiwa akaitika kwa kichwa kama mtu aliyepokea habari za nyumbani kwake. Ametualika chai Jumamosi.

Huo ndio ushahidi wangu. Aliingia kwa mizinga yako bila wewe, hilo ni kweli na asamehewe na aliyekosewa. Hakutoka na kitu, hilo pia ni kweli, tepu nimeisikia. Kilicho ndani ya muziki ni kile ulichomtia sikioni ukiwa umembeba. Kama hicho kinaitwa kuiba, basi hata sura yake aliiiba, kwa maana ni yako.

Niongeze jambo moja halafu ninyamaze. Ndugu zake wawili, kila mmoja ulimchongea mzinga wa kwanza ukauchoma alama mbele ya watu. Mwaka wa Mutua alikuwa bweni. Kisha akawa chuo, kisha akawa kwa ndege. Wake haukuchongwa. Sijawahi kukuuliza, na hata sasa siulizi.

Ndani ya bahasha, katikati ya kadibodi mbili, kuna karatasi ya kwanza ya muziki. Usiikunje, na usiwaonyeshe watu wa soko wakaishika na mikono ya mafuta. Juu, upande wa kulia, utaona amechora mraba mdogo mtupu. Kama umeridhika, chukua kaa la moto lililozimika, uchore alama yetu, ile mistari miwili ya kusimama na mmoja wa kupinda, kwa mkono wako mwenyewe. Usimpe Mwende, yeye huipindisha kama alama ya ukoo wa akina mama yangu. Kama hujaridhika, irudishe ilivyo, nyeupe. Mutua amesema itachapwa hivyo, na hatakuandikia tena juu ya jambo hilo. Ameniambia hivyo akiosha vyombo, hakugeuka.

Nisalimie mama yako, umwambie huku wazee hupewa kiti kwa basi bila kugombana, atafurahi kusikia na hataamini. Nisalimie mke wa mchungaji. Mwambie habari ya mimbari nimeieleza huku kwa heshima. Nisalimie yule jirani mwenye mbuzi, umwambie mbuzi wake wako kwa tepu Ujerumani, asije akadai kitu. Ndugu zake Mutua waambie nimewaletea soksi. Mwende mwambie asome.

Uliniambia nisiandike kama mama yake, na nimejitahidi, ingawa kalamu ilinishinda mahali pawili, patatu. Lakini pale chini, katikati ya viti, sikulala kama mama yake. Nililala kwa sababu nyuki walikuwa wanapita.

Ni mimi mke wako,
Mama Mutua